Operesheni ya Kupunguza Unene: Je, Inaongeza Miaka ya Kuishi?

Somo la kikundi. Mmoja asome kwa sauti, wengine wasikilize. Kama muda hautoshi, ligawanyeni katika mikutano miwili. Maswali yako mwisho.



Tukizungumza habari za afya katika vikundi vyetu, kawaida tunazungumza juu ya maji safi, choo, malaria na chanjo ya watoto. Leo tunachukua jambo ambalo wengine watasema ni la matajiri wa Nairobi: operesheni ya tumbo ya kupunguza unene. Lakini siku hizi si la matajiri peke yao. Inafanywa katika hospitali kubwa za binafsi hapo Nairobi, mwendo wa kilomita kama 60 kutoka Machakos mjini, na bei yake ni mamia ya maelfu ya shilingi. Mtu wa kawaida akiambiwa bei hiyo atafanya nini? Atarudi nyumbani, aite familia, kisha kadi ya mchango itafika kwenu. Mweka hazina atauliza, "Hii ni ya ugonjwa ama ni ya urembo?" Ni swali zuri, na kikundi kisichojua jibu kitagombana bure.

Tuchukue mfano. Mama wa miaka 46, ana duka sokoni, urefu wake ni mita 1.60 na uzito ni kilo 112. Ana ugonjwa wa sukari kwa miaka minne, ana presha, magoti yanamuuma na usiku anakoroma mpaka pumzi inakatika. Huyu si mtu fulani tunayemjua, lakini kila mmoja wenu anaweza kumfikiria mtu kama yeye.

Daktari atapima hivi: atachukua kilo na kuzigawanya kwa urefu uliozidishwa kwa wenyewe. Yaani 1.60 mara 1.60 ni 2.56, na 112 ukigawanya kwa 2.56 unapata karibu 44. Kipimo cha kawaida ni 18.5 hadi 25. Kuanzia 25 uzito umezidi, kuanzia 30 ni unene wa ugonjwa. Kwa miaka mingi madaktari walisema operesheni ni ya mtu wa 40 kwenda juu, ama 35 kama ana ugonjwa kama sukari. Mwaka 2022 vyama vya wapasuaji wa kazi hii vilishusha kiwango: 35 hata bila ugonjwa mwingine, na 30 kwa mwenye sukari. Kwa hiyo mama wetu ameingia kabisa. Hatafuti urembo.

Kama hamna mzani kijijini, kuna njia ya kamba. Pima urefu wako kwa kamba kutoka kisigino mpaka utosini, ukate. Ikunje mara mbili, kisha uizungushe kiunoni, usawa wa kitovu. Ncha zikikutana, vizuri. Zisipokutana, kiuno chako kimepita nusu ya urefu wako, na hiyo ni dalili kwamba mafuta yamekaa mahali pabaya, ndani ya tumbo kando ya ini. Wanaume nao wapimwe! Wengi wanafikiri kitambi ni cheo.

Hapa kwetu jambo hili lina historia yake. Ukambani tumejua njaa. Wazee wanakumbuka ile ya miaka ya 1980 iliyoitwa Nikw'a Ngwete, maana yake nakufa nikiwa nimeshika pesa mkononi, kwa sababu pesa ilikuwepo lakini chakula cha kununua hakikuwepo. Mtu aliyekulia wakati kama huo akiona binti yake amenenepa anamshukuru Mungu, na hakosei. Shida ni kwamba mambo yamegeuka upesi kuliko macho yetu. Uchunguzi wa serikali wa mwaka 2014 ulikuta mwanamke mmoja katika kila watatu nchini ana uzito uliozidi. Ule wa 2022 ulikuta ni 45 katika kila 100, kwa wale wa miaka 20 hadi 49. Na katika wilaya kavu kama zetu, nyumba moja inaweza kuwa na mtoto aliyekonda na nyanya mwenye sukari.

Sasa tuingie kwenye operesheni yenyewe, maana watu wanaisema bila kujua inafanya nini.

Kwanza tutenganishe mambo mawili. Kuna ile ya kunyonya mafuta chini ya ngozi kwa mpira. Hiyo ndiyo ya urembo. Mwaka 2004 madaktari wa Marekani walitoa ripoti ya wanawake 15 wanene walionyonywa mafuta ya tumbo kama kilo 10 kila mmoja. Walipopimwa baadaye, sukari yao na presha yao havikuwa vimebadilika. Mafuta yaliyotolewa siyo yale yanayoua. Na si kitu cha kuchezea: mwaka 2024 magazeti yetu yaliandika juu ya mwanamke aliyefariki Nairobi baada ya kufanyiwa hiyo. Mtu akileta kadi ya mchango wa kunyonywa mafuta, kikundi kina haki ya kusema hapana kwa upole.

Ile ya pili ndiyo somo letu. Hapa mpasuaji anagusa mfuko wa chakula wenyewe. Kuna namna mbili zinazofanywa sana. Katika ya kwanza, sehemu kubwa ya mfuko, kama robo tatu au zaidi, inakatwa na kutupwa, na kile kinachobaki kinafanana na ndizi nyembamba. Katika ya pili, mpasuaji anatengeneza kifuko kidogo kama yai, cha kubeba vijiko viwili vya mezani, halafu anakiunganisha na utumbo mdogo mbele zaidi, ili chakula kiruke njia fulani. Mtu akila kidogo anashiba. Lakini si udogo wa mfuko tu. Tumbo na matumbo hutuma ujumbe kwa ubongo kupitia damu, wa njaa na wa kushiba, na operesheni inabadilisha ujumbe huo. Ndiyo maana sukari ya wengine inashuka katika siku chache tu, kabla hata hawajakonda. Mgonjwa wa namna hii asipoangaliwa, dawa zake za zamani za sukari zinaweza kumwangusha, kwa hiyo dawa zipunguzwe na daktari, si na jirani.

Je, inaongeza miaka? Hapa tuna bahati, kwa sababu kuna watu walionesha subira. Mwaka 1987 madaktari wa Uswidi walianza kufuatilia watu wanene kama 4,000. Nusu walichagua kufanyiwa operesheni, nusu walipata matibabu ya kawaida ya kliniki. Wakawafuata zaidi ya miaka 20. Mwaka 2020 walitoa hesabu: katika wale wa operesheni walikuwa wamekufa karibu 23 katika kila 100, na katika wale wengine 26. Wakipiga hesabu ya umri, waliofanyiwa waliishi miaka 3 zaidi.

Miaka mitatu. Wengine wenu mtasema ni michache kwa bei ile. Mwingine atasema miaka mitatu ni kuona mjukuu akimaliza shule ya msingi. Sisi hatutaamua kwa niaba ya mtu. Ila sikilizeni sehemu ya pili ya hesabu ile, ambayo wauzaji wa operesheni hawaipendi: hata baada ya kufanyiwa, watu hao waliishi miaka 5 na nusu pungufu ya Waswidi wenzao wa kawaida. Operesheni ilirudisha sehemu ya deni, si deni lote. Miaka iliyokaa na unene ilikuwa imeshapiga moyo na mishipa.

Lazima pia tuwe wa haki. Operesheni nyingi za Uswidi wakati ule zilikuwa za mtindo wa zamani ambao leo karibu umeachwa. Na watu wale walichagua wenyewe, hawakupigiwa kura, kwa hiyo labda waliochagua kisu walikuwa na bidii tofauti. Mwaka 2021 wataalamu walikusanya habari za watu zaidi ya 174,000 kutoka nchi mbalimbali. Wao walipata faida kubwa zaidi: miaka 6 kwa wastani, na kwa wenye ugonjwa wa sukari miaka 9 na kitu. Wasio na sukari walipata kama miaka 5. Mnaona tofauti? Mtu anayefaidika zaidi ni yule mwenye sukari, kama mama wetu wa duka.

Na kisu chenyewe kinaua? Katika Uswidi walikufa watu 5 katika wale 2,000 na kidogo ndani ya siku 90. Ni wachache, lakini ni watu. Nao walikuwa katika hospitali zenye wapasuaji waliozoea kazi hiyo. Swali la kwanza la familia kwa mpasuaji liwe hili: daktari, umefanya ngapi kama hii? Asikasirike. Akikasirika, tafuteni mwingine.

Sasa tufike kwenye sehemu ambayo hasa ndiyo imefanya tuandike somo hili. Watu wanafikiri operesheni ni kama kung'oa jino: umelipa, umetolewa, umekwenda nyumbani. Sivyo. Ni kama kuanza dawa za maisha. Mfuko ukikatwa, mwili hauwezi tena kuchukua vitamini na madini vizuri kutoka kwa chakula, hasa ile vitamini ya B12, madini ya chuma na kalisi. Vidonge vyake vinamezwa kila siku mpaka kufa, na damu inapimwa kila mwaka. Ubaya wa B12 ni kwamba mwili una akiba yake, basi upungufu hauonekani mwaka wa kwanza. Unakuja polepole baada ya miaka: miguu inakufa ganzi, mtu anachoka, anasahau, damu inapungua. Wakati huo watu wameshasahau operesheni, na kijijini wanaanza kusema amerogwa. Sindano ya B12 si dawa ya ajabu, lakini lazima mtu akumbuke kuitafuta.

Mengine ni haya. Wiki mbili za kwanza ni vitu vya maji tu, kisha vilivyopondwa, na muthokoi na isyo vitangoja mpaka kama miezi miwili, tena vikatafunwe sana. Ndengu na kunde zilizopondwa laini zitamsaidia kuliko uji mtupu, kwa sababu anahitaji chakula cha kujenga mwili kwanza. Soda na chai yenye sukari nyingi vinaweza kumfanya atetemeke, atoke jasho na kuhara, hasa aliyeunganishwa utumbo. Huyo pia asipewe Brufen wala diklofenaki kwa maumivu, maana zinaweza kutoboa vidonda kwenye kile kifuko. Hapa ndipo tunaogopa zaidi, kwa sababu dawa hizo zinauzwa kila kioski, na mtu akisema mgongo unaniuma, jirani anamtolea mbili kutoka kwa kitambaa. Kila mtu wa nyumba hiyo ajue. Mwanamke asishike mimba kwa mwaka mmoja hadi mwaka na nusu, na akishika baadaye aeleze kliniki ya wajawazito mapema kwamba aliwahi kukatwa. Pombe inapanda kichwani haraka kuliko zamani, na wengine wasiokuwa walevi wamekuwa walevi baada ya operesheni.

Na moyo wa mtu? Katika jimbo la Utah huko Marekani, uchunguzi wa mwaka 2007 ulilinganisha watu 7,925 waliofanyiwa na idadi sawa wasiofanyiwa. Vifo vyote vilipungua kwa asilimia 40, vya ugonjwa wa sukari kwa asilimia 92. Hiyo ni habari njema kubwa. Lakini vifo vya ajali na vya kujiua vilikuwa zaidi, kwa asilimia 58. Hatujui yote yaliyokuwa ndani ya mioyo yao. Tunajua tu kwamba mtu aliyezoea chakula kiwe rafiki yake wa jioni amenyang'anywa rafiki huyo kwa siku moja, na aliyetegemea kwamba akikonda shida zote zitaisha ataona bwana ni yule yule na deni ni lile lile. Msimwache peke yake mwaka wa pili, wakati wageni wameacha kuja kumtazama.

Kisha uzito unaweza kurudi. Katika wale Waswidi wenye sukari, miaka 2 baada ya operesheni watu 72 katika 100 hawakuwa na sukari tena. Miaka 15 baadaye walibaki 30. Hao 30 ni wengi kuliko wangekuwa bila operesheni, lakini si 72.

Mtasema, basi tupunguze kwa njia nyingine. Sindano mpya za kupunguza uzito ziko, na zinafanya kazi, lakini mtu akiacha uzito mwingi hurudi ndani ya mwaka. Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa onyo kwamba sindano bandia zilikuwa zikiuzwa katika nchi kadhaa. Majani na chai za kupunguza kitambi zinazotangazwa kwenye matatu tusiziongelee sana. Zinaharisha, basi.

Ila kuna njia ambayo kikundi kinaweza kuifanya bila kuuza mbuzi. Marekani, mwaka 2002, watu 3,234 wenye sukari iliyoanza kupanda lakini hawajaugua walichunguzwa. Wale waliofundishwa kupunguza uzito kidogo tu, kilo 7 katika kila 100, na kutembea haraka jumla ya masaa mawili na nusu kwa wiki, walipunguza hatari ya kuugua kwa asilimia 58. Waliomeza vidonge walipunguza kwa 31. Kwa mtu wa kilo 90, hiyo ni kilo 6 na kidogo. Halafu Uingereza, mwaka 2017, watu waliokuwa na sukari chini ya miaka 6 walipunguziwa chakula sana kwa miezi kadhaa chini ya kliniki, na mwaka mmoja baadaye karibu nusu yao hawakuwa na sukari tena. Mwenye dawa za sukari asijaribu hii peke yake nyumbani. Lakini angalieni jambo moja katika hizi zote mbili: hawakupewa karatasi na kuambiwa nendeni. Waliitwa, walipimwa, waliulizwa wiki baada ya wiki.

Hicho ndicho kitu tulicho nacho. Mwethya ulichimba matuta ya milima hii kwa sababu watu walikuja siku ileile kila wiki na asiyekuja aliulizwa. Mzani mmoja wa kikundi ni bei ya kuku wachache. Daftari la presha na uzito linaweza kukaa kando ya daftari la mzunguko. Na kwa yule mama wa duka, kama familia yake na daktari wameamua operesheni, na kikundi kimekubali kuchanga, tunashauri pesa yenu isiishie siku ya kisu. Wekeni sehemu kando kwa nauli za kurudi hospitali mwaka wa kwanza, vidonge, na kipimo cha damu cha kila mwaka. Muulize hospitali kabla kama bima yake, iwe ni SHA iliyochukua nafasi ya NHIF mwaka 2024 ama nyingine, inalipa nini, na jibu liandikwe. Chagueni wanachama wawili ambao kazi yao ni kumkumbusha. Aliyepewa kazi hiyo awe mtu asiyechoka kuuliza, "Umemeza?"

Na kama mtu hataki operesheni, asilazimishwe wala kuchekwa. Tumesikia katika harusi watu wakiimba juu ya mwili wa mwenzao mnene, na siku hizi wanachapisha hata kwa simu. Aibu haijapunguza kilo ya mtu. Inamfanya asije mkutanoni, na asipokuja hatapimwa.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Pimeni kiuno kwa kamba, wanawake na wanaume, kila mtu na kamba yake. Wangapi ncha hazikutani? Wangapi kati yao wamewahi kupimwa sukari?

2. Kadi ya mchango ikija ya operesheni ya tumbo, mtamwuliza mgonjwa na daktari wake mambo gani kabla ya kuamua?

3. Mna mwanachama aliyefanyiwa operesheni yoyote kubwa zaidi ya miaka mitano iliyopita? Mara ya mwisho alirudi hospitali kupimwa lini, na nani alimkumbusha?

4. Katika mikutano yenu mnatoa nini: soda, mandazi, chai yenye sukari vijiko vinne? Mnaweza kubadilisha nini kuanzia mkutano ujao, na ni nani atanung'unika?